Siku hizi naangalia ndege

Ilikuwa mwisho wa Agosti, saa 1 na nusu asubuhi, niko kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga naenda ng'ambo kumfuata mtu ninayemdai, na nimejiandaa kabisa uso wa kudai deni, mara nikashikwa bega kwa nyuma.

"Sauti ya kwanza!"

Ndivyo tulivyokuwa tunaitana. Huyu alikuwa mwenzangu wa sauti ya pili, tumesimama bega kwa bega kwenye kwaya miaka 11, tumelia pamoja misibani, tumegombania kioo kimoja siku ya kupiga video. Tulikuwa hatujaonana karibu miaka mitatu na wote tunaishi Mwanza hii hii. Tukakumbatiana, tukaulizana watoto, halafu likaja lile swali.

"Siku hizi unaimba wapi?"

"Siimbi."

"Huimbi kabisa dada? Sasa unafanya nini?"

Ningeweza kusema biashara, kwa sababu ni kweli, mimi ni wakala wa pesa za simu pale Kitangiri na nauza na vocha na daftari. Lakini nilijua haniulizi hela napata wapi. Mdomo ukatangulia kabla ya akili.

"Naangalia ndege."

Akageukia kule Ilemela, upande wa uwanja wa ndege. "Eeh! Umepata kazi Airport?"

"Hapana. Ndege ndege. Wenye mabawa."

"Hata zile zina mabawa."

Nikamwonyesha Jiwe la Bismarck, pale tulipo linaonekana vizuri, na juu yake minandi wamesimama wametandaza mabawa kama wahubiri wanaomalizia na baraka. Nikasema wale. Nikaanza hata kumweleza kwamba wanasimama hivyo kwa sababu manyoya ya mnandi yanalowa akizama kuvua, kwa hiyo akitoka lazima ajianike, na yeye tayari alishainama anacheka, anacheka mpaka mkata tiketi akageuka kututazama.

Na mimi nikacheka.

Hapo ndipo penye shida. Nilicheka naye kama vile tunamcheka mtu mwingine ambaye hayupo pale. Deni sikulipwa siku hiyo, lakini kilichonikera wiki baada ya wiki sio deni, ni kile kicheko changu.

Watu wanataka ugomvi

Niliacha kwaya bila kugombana na mtu. Nalisema hili mapema kwa sababu hakuna aliyewahi kuniamini.

Miaka 14 jumla. Niliingia nikiwa binti, nikaanzia nyuma kabisa, nikajifunza kusoma nota, nikaja kuwa ndio naanzisha nyimbo na kupewa zile sehemu za mtu mmoja. Tulirekodi, tukapiga video kwenye mawe ya Capri Point kama kila kwaya ya Mwanza (kama kuna kwaya mji huu haijawahi kupiga video juu ya mawe naomba nionyeshwe), tukashona vitenge ambavyo mpaka leo nalipia maumivu yake. Nilipenda sana. Nilipenda mpaka mume wangu alikuwa anasema akinitafuta Jumanne na Alhamisi jioni ni heri amtafute Katekista.

Halafu Jumapili moja, nimesimama mbele, naimba wimbo ninaoujua kuliko namba yangu ya simu, kanisa limetulia, na mimi kichwani nahesabu floti ya dukani, yani ile hela ya kufanyia miamala. Sio kwamba wazo lilipita tu, hapana, nilikuwa nafanya hesabu kabisa. Nikamaliza ubeti, vigelegele vikapigwa, na mimi hapo nilikuwa nimefika laki 2 na elfu 80 natafuta ile elfu 70 iliyopotea Ijumaa.

Na sauti ilitoka ile ile. Nzuri. Hakuna aliyegundua.

Hilo ndilo lililoniogopesha. Ningeharibu, watu wangenionea huruma, ningepumzika, ningerudi. Lakini mdomo ulikuwa unajiimbia wenyewe, kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Nikakaa hivyo miezi minane nikisubiri hamu irudi. Nilifunga, nikaungama pia, padri akaniambia nipumzike wiki mbili. Nikapumzika wiki mbili. Nikarudi, nikasimama mbele, nikapata jibu la ile elfu 70 (nilimpa mteja mara mbili).

Nilipomwambia mwalimu wa kwaya naacha, swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani kakukosea?" Nikasema hakuna. Akasema sawa, nakuelewa, lakini nani? Baada ya wiki wakaja nyumbani kina mama watatu na sukari kilo mbili kunibembeleza, wakakaa mpaka giza, na nilikuwa naona kabisa kwamba ningesema tu "mhazini alinijibu vibaya" wote wangepumua, tungesuluhishwa, chai ingenyweka. Ugomvi una njia yake ya kutengenezwa, wazee wanakaa, mtu anaomba msamaha. Sasa hamu ikiisha unamwita mzee gani?

Waliondoka wakiamini namficha mtu. Sukari waliniachia.

Jumanne saa 11 jioni

Kilichofuata sikukitegemea. Nilidhani nikiacha nitapata nafasi. Nilichopata ni mwili unaojivalisha wenyewe, yani Jumanne ikifika saa 11 nakuta nishafunga kibanda, nimevaa kanga safi, nimesimama nje sijui naenda wapi, nageuka nafungua tena na wateja wananishangaa.

Nikajaribu vitu. Keki: zote ziliungua chini. Mazoezi ya kukimbia Jumamosi na wale wenye fulana zinazofanana: goti. Tamthilia za Kikorea nilimaliza mbili nikaanza kuota nimevaa koti. Kikoba nipo mpaka leo lakini kikoba sio kitu cha kupenda.

Kanisani ilikuwa mbaya zaidi. Nakaa benchi la kawaida, wimbo unaanza, na siwezi kufungua mdomo. Mwaka mzima na kitu sikuimba hata "Amina" ya kujibu.

Mi, re, do

Novemba ile mvua za vuli zilikuwa zimeanza, umeme ukakatika usiku, feni ikasimama, nikaamka kwa joto kama saa 10 na nusu alfajiri. Kimya. Kimya cha umeme kukatika mnakijua, hata friji ya jirani husikii.

Katika kimya kile mtu akaimba noti tatu.

Tatu zinashuka. Mi, re, do. Kimya cha pumzi mbili. Mi, re, do.

Nikasema huyu ni mtoto wa nani anapiga filimbi saa hizi. Nikalala. Kesho yake tena. Siku ya tatu nimeshakaa kitandani nimekasirika, sio kwa sababu ananiamsha, ila kwa sababu ile *do* yake haikai sawa, imekaa juu kidogo, kama mtu wa sauti ya pili mgeni anayeogopa kushuka. Miaka 14 ya mazoezi haikuachii tu hivi hivi. Nikatafuta kwenye droo kale kafilimbi ka kuchukulia sauti ambako nilikuwa nimeapa sikagusi tena, nikapuliza polepole nisimwamshe mtu, nikalinganisha.

Kweli imekaa juu.

Na nilipokuja kushtuka nilikuwa nimekaa pale dakika 40, gizani, na sikuwa nahesabu floti.

Asubuhi nikamuuliza mama mwenye nyumba. Hata hakusimamisha ufagio. "Ndege wa mvua huyo." Basi. Nikauliza yukoje, akasema hajawahi kumwona. Nikauliza bodaboda, nikauliza mzee wa mkaa, nikauliza wateja wangu, kila mtu anamjua na hakuna aliyewahi kumwona, yani mtu anaimba juu ya vichwa vya watu kila msimu wa mvua na hakuna anayeijua sura yake.

Mimi niliyetaka kuonekana miaka 14! Nilikaa na hilo wazo siku nzima dukani.

Nilimtafuta siku 19. Sauti inatoka mwembeni, ukifika mwembeni inatoka mparachichi, ukifika mparachichi kimya. Siku ya 19 nikamwona, kwenye mti ule ule nilioanzia, tawi la ndani kabisa: wa kijivu mgongoni, kifua cha rangi ya kutu, tumbo lina mistari mistari kama kipanga mdogo. Akainamisha kichwa, koo likatetemeka, mi re do. Machozi yalinitoka, na sitaki mtu anieleze kwa nini.

Kijana mmoja wa chuo anayepanga nyumba ya tatu ndiye aliyenionyesha tovuti ya xeno-canto, ambako watu wa dunia nzima wanapandisha sauti za ndege walizorekodi, na tukasikiliza mpaka tukampata. Kiswahili cha vitabuni anaitwa kekeo, kekeo kifua-chekundu. Na nikagundua tabia zake: hajengi kiota. Jike anataga kwenye kiota cha ndege wengine wadogo, kina kurumbiza, wanamlelea, na dume anaenda kuimba. Nilichukia kidogo. Halafu nikakumbuka Jumanne na Alhamisi nani alikuwa anabaki na mtoto wangu, nikanyamaza.

Darubini ya Makoroboi

Darubini nilinunua Makoroboi kwa mtu aliyetandaza chaja na miwani chini. Alianza elfu 70, tukamalizana elfu 45. Jicho la kulia lina kuvu, kwa hiyo kila ndege niliyewahi kumwona ana doa la kijani pembeni, nimeshazoea.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nikawa natembea ufukweni. Nikaanza kuwajua: kwarara anayepiga kelele asubuhi kama mlango wa geti usiotiwa mafuta. Yule wa kijivu mwenye mdomo wa njano anayecheka juu ya miti, cheko la mtu aliyesikia umbea. Furukombe, tai mla samaki, anayerusha kichwa nyuma ndipo alie, na ile sauti yake ikipita juu ya maji kila kitu kinaonekana kimekaa kimya kumpisha. Vikasuku vya kijani vyenye mdomo mwekundu, ambavyo duniani vina jina la Fischer, Mjerumani aliyepita huku karne ya 19, lakini kwao ni hapa hapa kusini mwa ziwa. Miaka ya 1980 vilinaswa kwa wingi vikauzwa nje, na leo kuna mtu Ulaya anacho kwenye tundu sebuleni na hajui Magu iko wapi.

Kuna askari mmoja alinifukuza sehemu, akisema mtu mzima hawezi kukaa na darubini saa nzima anaangalia mti. Nikaondoka. Majirani walianza kusema nachunguza nyumba za watu. Hayo yote ni madogo.

Kubwa ilikuwa simu ya shangazi kutoka kijijini.

"Mwangaluka mwanangu. Nasikia unatembea alfajiri peke yako unafuata ndege."

"Ndiyo shangazi."

"Ndege gani?"

"Wote tu shangazi."

Akanyamaza. "Na bundi?"

Sikujibu.

"Mwanangu. Usifuate bundi."

Sikucheka na sicheki sasa. Wa kwetu mnajua kwa nini mwanamke wa Usukuma hatakiwi kuonekana peke yake gizani akimfuata bundi, na mnajua yamewapata bibi zetu kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Tangu siku ile natoka kukiwa kumepambazuka, na yule bundi wa kwenye mnara wa simu namsikiliza nikiwa kitandani. Hayumo kwenye daftari langu.

"Waje wale kwako"

Kuna wanaoniambia haya ni mambo ya Wazungu. Nilikuwa nawajibu kwa hasira, kwamba Kiswahili chenyewe kinasema ndege njema na ndege mbaya, wazee walikuwa hawafungi safari bila kusikiliza nani kalia upande gani, sasa nani kamfundisha nani? Nilikuwa najiona nimeshinda.

Mpaka nilipokwenda mwalo wa Igombe.

Ilikuwa kipindi cha giza, mwezi hakuna, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa imelala ziwani na taa zake na alfajiri imerudi imejaa. Kina mama wanapokea, wanaanika, wengine kwenye vichanja, wengine bado kwenye nyavu chini mchangani. Na ndege sasa! Yangeyange weupe kama karatasi zimemwagika, kunguru, mwewe wanapita juu, na yale makorongo makubwa yenye upara, marabu, yanatembea katikati ya dagaa mikono nyuma kama wakaguzi wa afya. Nikasimama na darubini yangu nimefurahi kabisa.

Mama mmoja, mtu mzima, kashika fimbo ndefu yenye mfuko wa nailoni nchani, akaja mpaka nilipo.

"Unawapenda?"

"Sana mama."

"Basi waje wale kwako."

Akanieleza bila hasira. Siku mbaya wanamlia karibu sado nzima. Mjukuu wake haendi shule siku za kuanika kwa sababu lazima mtu azunguke na fimbo. Korongo moja akilipiga linarudi nyuma hatua tatu, linamtazama, linarudi. Niliona aibu, nikataka hata kuificha darubini kwenye mkoba, na yeye akaniomba aangalie. Akaangalia muda mrefu, sio makorongo, aliangalia upande wa maji.

"Yule pale hana kesi na mimi," akasema. "Mweusi na mweupe. Hagusi vya kuanika. Anavua mwenyewe."

Alikuwa mdiria, amesimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga lakini kichwa hakisogei hata kidogo, kama kimepigiliwa msumari, halafu anaanguka wima, tupu, anapanda tena. Yule mama alijua anatoka saa ngapi, alijua mashimo yao yako ukingo gani, alijua wanakuwa wawili na mara nyingine watatu kwenye shimo moja, na akaniuliza wa tatu ni nani. Sikujua. Baadaye nikasoma kwamba watafiti waliwafuatilia midiria hapa Ziwa Victoria na kule Naivasha, Kenya, wakakuta dume ambaye hajapata jike anajiunga na familia kuleta samaki. Mara ni mtoto wao wa zamani, na mara sio ndugu kabisa, ni mtu tu ameamua kulisha watoto wa wenzake. Nilirudi Igombe wiki mbili baadaye kumpa jibu. Akasema, "Ana akili. Mwakani mume akifa yeye yupo."

Na hilo nalo ni kweli, lipo kwenye utafiti, hutokea. Hakusoma popote.

Nilirudi mjini na sado mbili za dagaa nilizonunua kwa aibu, tumekula mpaka mtoto akagoma.

Watazamaji 83

"Inalipa?" ndilo swali la wengi. Kwaya nayo ilikuwa hailipi, ilikuwa inakula hela zangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Mwanangu ana miaka 9 aliuliza vizuri zaidi: "Mama, ukishamwona unapata nini?" Nikasema namwona. Akafikiria, akaenda kucheza.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu na ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka jana daftari lilifika ndege 112. Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopenda ndege, watu wazuri, wanajua, na nikaanza kutuma. Nikaenda Saanane, kile kisiwa chetu kilichokuwa bustani ya wanyama toka 1964 na sasa ni hifadhi ya taifa, boti dakika chache tu kutoka Capri Point, nikarekodi furukombe wawili wanaitikiana, nikaweka status. Watazamaji 83. Nikawa nachungulia kila baada ya dakika tano nani kaangalia. Nikaenda Saanane mara ya pili, na kiukweli kabisa sikwenda kwa ajili ya ndege, nilikwenda kwa ajili ya video nzuri kuliko ile.

Halafu Luchelele. Kuna ukingo wa udongo una mashimo ya midiria, nikasogea karibu sana, nikakaa. Akaja mmoja na samaki mdomoni, akaniona, akageuka, akatua kwenye waya. Ndani ya shimo nasikia vifaranga. Simu yangu inarekodi. Najua kabisa kwamba nikisogea hatua kumi nyuma ataingia, nilikuwa nalijua hilo tangu dakika ya kwanza. Sikusogea. Alikaa kwenye waya yule ndege, samaki yule yule mdomoni, kichwa chini, kichwa juu, dakika 40. Mwishowe alichoka au aliamua, akaingia kwa kasi, akatoka, nikapata picha safi kabisa, jua kwenye bawa.

Sijaipandisha popote. Bado iko kwenye simu.

Sasa hapo nikaanza kujiuliza ni kitu gani hasa nilikiacha nilipoacha kwaya. Nilidhani nimeacha kusikilizwa nikaenda kusikiliza, ndivyo nilivyokuwa najisifia kimoyomoyo, na kumbe nilibeba kigelegele changu kwenye mkoba pamoja na darubini. Labda hata hii nitaiua. Labda siku moja nitasimama chini ya mwembe, kekeo anaimba, na mimi nahesabu floti. Nilitoka kwenye kundi. Nikarudi baada ya mwezi kwa sababu nilikuwa nataka kujua buabua wameshaondoka au bado. Kwa hiyo hata hapo siwezi kusema nimefanya uamuzi.

Dirishani

Baada ya siku ya Kamanga, kile kicheko kilikuwa bado kinanila. Jumanne moja ya Septemba nikafunga kibanda saa 11, na safari hii sikugeuka. Nikaenda mpaka ukumbi wa mazoezi, sikuingia, nikakaa nje chini ya dirisha kwenye lile benchi la wamama wanaosubiri watoto.

Walikuwa wanafundishwa wimbo mpya, mwalimu anapitisha sauti moja moja. Akasema, "Ya pili peke yenu."

Jamani.

Miaka 11 nimesimama bega kwa bega na sauti ya pili na sikuwahi kuisikia. Nilikuwa juu yake. Nilikuwa naisikia kama unavyosikia sakafu. Sasa hapa iko peke yake, inatembea chini chini, haiendi pale unapotegemea, inasubiri, inashuka nusu hatua wakati mtu mwingine angepanda, na katikati nikaitambua sauti ya yule mwenzangu, haitetemeki, haijionyeshi. Nilisikiliza kama ninavyosikiliza mti. Watu wakaanza kutoka nikaondoka haraka.

Usiku nikamtumia ujumbe. Sikuandika habari ya dirishani, niliona haya. Nikaandika tu: "Mwenzangu, mvua zikianza, ukisikia alfajiri noti tatu zinashuka, mi re do, niambie." Akajibu na vile vinyago vya kucheka, sita.

Nikasema basi.

Saa 12 kasoro 20

Mvua ya kwanza mwaka huu ilinyesha wiki ya tatu ya Oktoba, ile ya upepo iliyong'oa mabati Mkuyuni. Siku mbili baadaye, saa 12 kasoro 20 alfajiri, simu ikalia. Ujumbe wa sauti, sekunde 51, kutoka kwake. Anakaa Buhongwa, upande mwingine kabisa wa mji.

Mwanzo ni kuku na mtu anasukuma ndoo. Halafu yeye ananong'ona, "Dada, huyu ndiye?" Halafu kimya. Halafu mbali, kwenye mti wa huko kwao, mi, re, do. Ile *do* imekaa juu kidogo vile vile.

Pumzi mbili. Mi, re, do.

Ya tatu ilipokuja nikasikia kitu kingine chini yake, kidogo sana, mdomo umefungwa, karibu na simu: do, ti, la. Sidhani kama alijua anarekodi bado. Alimwekea sauti ya pili.